Mayai ya Kidimu Kwenye Saluni ya Shangazi

Shangazi yangu ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba: viti vitatu, kioo kirefu chenye doa jeusi pembeni, meza ndogo ya kupakia rangi ya kucha, na drayer ya kusimama ambayo ikiwashwa taa za nyumba nzima zinafifia kidogo, kama zimeona aibu. Mimi naishi kwake kwa sababu shule yangu iko karibu na hapo. Yeye anasema ni kwa sababu baba yangu ni kaka yake na ameshindwa kunilisha. Nakula sana, sikatai.

Mtaani watu wanamjua kwa vidole vyake. Anasuka huku anaongea, anacheka, anamjibu mtu wa dirishani, na mistari inatoka imenyooka utadhani imepigwa rula. Lakini mimi nikiulizwa Shangazi ni mtu wa namna gani, siwezi kuanza na nywele. Lazima nianze na vidimu.

Kidimu ni kuku ambaye manyoya yake hayataki kulala. Yanajikunja kuelekea mbele, moja moja, mpaka kuku mzima anaonekana kama amepigwa na upepo wa pande zote kwa mpigo. Shangazi alipewa wa kwanza na mama yake siku alipoanza maisha yake mwenyewe, na tangu hapo hajawahi kufuga kuku wa aina nyingine. Mumewe, ambaye mimi namwita Anko, ni fundi wa kupaka rangi magari, na alikuwa na utani wake mmoja aliourudia miaka nenda miaka rudi.

"Bibie, hebu niambie. Kuku wako na wateja wako kabla hujawashika, mtu atawatofautishaje?"

"Kuku anataga," Shangazi alikuwa anamjibu bila kugeuka. "Wewe unataga nini?"

Utani huo ulikoma mwaka jana. Ugonjwa wa kideri ulipita mtaani ukafagia mabanda, na la Shangazi halikusazwa. Kwa muda wa wiki moja hakubaki hata kuku mmoja. Aliosha banda, akamwaga chokaa, akafunga mlango kwa kipande cha waya. Watu walimwambia anunue kuku wengine, wamejaa sokoni. Akasema hataki kuku, anataka kuku wake. Tena aliisema polepole, akiwa ameshika kitana hewani, na mteja aliyekuwa kitini akaona bora aulize habari za hali ya hewa.

Basi siku moja simu ikaita. Alikuwa rafiki yake wa tangu shule ya msingi, ambaye yeye na Shangazi huitana Mwenzangu, na kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Mwenzangu. Anakaa mbali, safari ya basi ya kutwa. Zamani Shangazi aliwahi kumpa jogoo na tetea wa vidimu, na kizazi chao kilikuwa bado kinaendelea huko. Kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye nywele za mtu, simu iliwekwa sauti ya juu, wote tukasikia.

"Mwenzangu, nahamia kwa binti yangu. Ghorofa ya nne."

"Na vidimu?"

"Nimewagawa. Wameshaliwa, nisikudanganye. Wamebaki watatu, na hao wameshalipiwa, kesho wanachukuliwa kuchinjwa. Ila mayai yao ya wiki hii nimeyatunza."

Shangazi aliuacha msuko katikati.

"Usiyaoshe. Umenisikia? Usiyaoshe, usiyatie kwenye friji. Nitumie."

"Kwa basi? Si yatafika chapati?"

"Nitumie hivyohivyo. Baada ya hayo hakuna mengine popote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mayai hayo yakishindikana, vidimu wa mama yake wamekwisha.

Keshokutwa yake tulikwenda kuchukua mzigo kwenye ofisi ya basi. Boksi lilikuwa limeandikwa CHUNGA MAYAI pande zote nne kwa kalamu nene. Lilikuwa limelala kichwa chini, na juu yake kuna betri ya gari.

"Kaka yangu," Shangazi alimwambia mpakuaji, "hukuona hayo maandishi?"

"Niliyaona, mama. Lakini kila mzigo umeandikwa chunga. Juzi kuna mtu kaandika chunga kwenye matairi."

Tulirudi kwa miguu. Shangazi alilibeba boksi mbele ya kifua kama beseni lililojaa maji mpaka ukingoni, na mimi nilitangulia kumfukuzia watoto, baiskeli na mbuzi mmoja mwenye dharau.

Tulilifungua kwenye meza ya kucha. Yaliyokuwa chini ya betri yalikuwa yameshakuwa uji, yamegandana na karatasi za gazeti. Yaliyobaki mazima tuliyahesabu kumi na saba, na mengi kati ya hayo yalikuwa na nyufa nyembamba kama unywele. Kisha tukaingia stoo, tukafunga mlango, na Shangazi akaanza kuyamulika kwa tochi ya simu.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona ndani ya yai kabla halijavunjwa. Lote linawaka rangi ya chungwa, na kwenye upande wake butu kuna kivuli cha duara. Shangazi alisema hicho ni kifuko cha hewa, akiba ya kifaranga ya kuvutia pumzi ya kwanza, na kinatakiwa kitulie pale pale. Vya kwetu vilikuwa vinatembea. Ukiinamisha yai, kinahama, kama tone la hewa kwenye pima maji ya fundi mwashi.

"Yamekufa?" nikauliza.

"Yamechoka. Ungesafirishwa wewe kutwa nzima kichwa chini, betri mgongoni, ungefika unacheka?"

Akayapanga kwenye trei, ncha chini, upande butu juu, akaamuru yapumzike mpaka kesho yake jioni ndipo yaingie kwenye mashine ya kutotolea. Nyumba ikawekwa chini ya ulinzi. Mlango haubamizwi. Drayer haiwashwi. Anko alirudi kutoka gereji na mafua yake, akaambiwa akapigie chafya nje.

Kabla ya kulala aliziba nyufa. Alikusanya vichupa vya rangi ya kucha vilivyobakiza kidogo, akachukua brashi, akaufuata ufa taratibu, mstari mwembamba, hapo hapo penye ufa na si zaidi. Yai moja likapata mstari mwekundu, jingine zambarau.

"Ufa ni mlango," alinieleza. "Uchafu unaingia, maji yanatoka. Tunafunga mlango."

"Kwa nini tusifunge na kuta kabisa?"

Alifungua mdomo kunijibu, lakini mteja akagonga kuulizia nafasi ya kesho, na maneno yakahamia kwenye bei ya nywele za kuunga. Anko alikuwa amesimama mlangoni anakunywa chai. Aliangalia ile mistari, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona ukuta uliopinda.

"Viraka," akasema peke yake, akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Shangazi alikwenda kununua nywele, mimi nilikuwa uani nafua taulo za saluni, na Anko hakuwa na kazi gerejini. Shangazi aliporudi aliingia na wateja wawili aliokutana nao njiani. Mmoja ni mwalimu wa chekechea. Mwingine ni mama mmoja tunayemwita Bi Haraka, kwa kuwa tangu nimjue hajawahi kukaa kitini bila kusema ana dakika kumi tu. Nilisikia wanacheka, halafu nikasikia hawacheki tena. Nikakimbilia ndani.

Anko alikuwa amekaa kwenye meza ya kucha, brashi ndogo imebanwa kati ya meno. Mbele yake trei ilikuwa inang'aa kama duka la vito. Mayai mekundu, ya zambarau, ya dhahabu, na moja nusu waridi, nusu fedha, kwa sababu kichupa kilimwishia njiani. Yote kumi na saba, kuanzia juu mpaka ncha.

"Msiguse," akasema kwa fahari, "mkono wa pili wa rangi haujakauka. Bibie, nimekumalizia kazi. Ulikuwa umepaka viraka, na rangi ya kiraka haikai. Inaanza kunyanyuka pembeni, siku mbili imebanduka. Ukitaka ishike lazima upake bodi nzima."

"Hata yale yasiyo na ufa?" Shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hasa hayo! Yasije yakapata."

Shangazi aliweka mfuko chini. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Fundi," akasema, "yai linapumua."

Anko akaangalia trei, akamwangalia mkewe, akaangalia trei tena. "Linapumua na nini? Halina pua."

"Ganda lote ni vitundu. Vidogo mno, huvioni. Hewa inapita humo. Umeyavisha mfuko wa plastiki, mume wangu. Mayai yote ya mama yangu umeyavisha mfuko."

Sijawahi kumwona mtu mzima anapauka haraka namna ile. Alitoa brashi mdomoni na hakujua pa kuiweka.

"Si kuna ile dawa ya kufutia rangi?" Bi Haraka alidakia. "Pamba, dawa, dakika moja."

"Ile itaingia ndani kupitia vitundu hivyohivyo. Itakuwa tumemtoa mtu kwenye gunia tukamtumbukiza kwenye petroli."

Shangazi akachukua tupa ya kucha, akaanza kukwangua yai la kwanza. Rangi ilitoka vumbi, na ganda likatoka nayo. Hapo Anko akapiga magoti karibu na meza.

"Usikwangue," akasema. Hakuwa anajitetea, alikuwa anaongea kama yuko gerejini. "Mkono wa pili bado mbichi, na ganda halijaoshwa, lina utelezi wake, kwa hiyo rangi haijashika. Tafuta ukingo. Ukiupata, unyanyue, uvute taratibu kwa ulalo. Itakuja yenyewe."

Akatumia kijiti cha kusukumia ngozi ya kucha. Alihangaika kidogo kwenye upande butu, juu, kisha akanyanyua kipande chekundu chembamba kama ganda la kitunguu. Kikavutika mpaka katikati ya yai kabla hakijakatika. Chini yake ganda lilikuwa safi.

Nadhani hakuna saluni nyingine iliyowahi kuonekana vile. Mwalimu wa chekechea, nusu ya kichwa imefumuliwa na nusu bado, ameinamia yai la dhahabu. Bi Haraka na kijiti chake, ulimi nje, hatikisiki. Mimi nimeshika trei ili yasilale wala kuyumba, maana bado yalitakiwa kubaki ncha chini. Mteja mwingine akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna foleni, akapewa kijiti.

"Mimi nilikuja kunyolewa shingo," akalalamika.

"Shingo haiozi," Bi Haraka akamwambia. "Kaa."

Yai moja lilipasukia mkononi mwa mwalimu. Alipiga yowe. "Mungu wangu, nimeua!"

"Hujaua, mwalimu," Shangazi alisema. "Hilo lilikuwa na ufa wa kuzunguka. Betri ndiyo imeua. Chukua jingine."

Tulimaliza jua likiwa limeshaelekea magharibi. Penye nyufa tuliacha rangi ikae. Mayai mengine yalibaki na madoa ambayo hata Anko hakuweza kuyanyanyua. Bi Haraka alitazama saa ya ukutani, akasema "Jamani, nina dakika kumi tu," halafu akakaa kusukwa kwa saa tatu.

Mashine yenyewe ya kutotolea ni friji bovu. Ndani ina balbu, feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta, kidhibiti joto, na bakuli la maji la kutia unyevu hewani. Nje Anko aliwahi kuipaka rangi ya samawati inayometameta, masalia ya gari la mtu. Jioni ile Shangazi aliyaingiza mayai yakiwa wima kwenye trei yao, akasema siku za mwanzo hatuyageuzi hata kidogo, mpaka vifuko vya hewa vishike.

Kisha akaacha kuongea na mumewe. Si kununa kabisa. Alikuwa anamsemesha kupitia kwangu, na wote watatu tupo meza moja.

"Mwambie Anko wako chumvi iko mbele yake."

"Mwambie shangazi yako nimeiona."

"Mwambie kama ameiona, aitumie."

Nilijiona kama ofisi ya posta. Lakini nilimwona pia Anko. Kila mchana alikuwa anatoka gerejini na ovaroli lake, anakuja kuangalia maji kwenye bakuli na kusoma kipimajoto kupitia kioo kidogo cha mlangoni, anarudi kazini bila kula. Hakufungua mlango hata mara moja. Hakusema utani wowote.

Baada ya wiki tulimulika tena. Yai la kwanza likawaka tupu kama balbu. La pili pia. La tatu lilikuwa na duara jekundu ndani, na Shangazi akaniambia huyo alianza akaishia njiani. Nilianza kuogopa kutazama. Kisha akanyanyua moja, na nikaona mishipa ya damu imetawanyika kila upande kama mizizi, na katikati doa jeusi dogo. Doa likaruka.

"Limeruka!" nikapiga kelele. "Shangazi, kuna mtu humo!"

"Taratibu, utamshtua."

Yalipatikana saba yenye mishipa. Shangazi aliyarudisha moja moja, akafunga mlango wa friji, akasimama akiwa ameuegemea. Anko alikuwa nyuma yetu na ovaroli lake.

"Saba," Shangazi akasema. Alisema huku ananitazama mimi, ila kwa sauti ya kumfikia yeye.

Wiki ya tatu ilipokaribia kwisha, Bi Haraka ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa anasubiri zamu yake, akaegemeza kichwa kwenye friji, mara akatoa macho.

"Jamani, friji yenu inalia."

Wote tukabandika masikio. Kwi, kwi, kwi, kwa mbali sana, mtu anaongea akiwa ndani ya ganda. Kufika mchana yai lenye mstari wa zambarau lilikuwa na kitobo na kipande cha ganda kimenyanyuka. Halafu hakuna kilichoendelea. Saa moja, saa mbili, kitobo kilekile. Anko alikuwa amekuja mapema, na sasa mikono yake ilikuwa inatembea yenyewe kuelekea kwenye mlango.

"Amekwama," akasema. "Nimnyanyulie kidogo tu. Kipande kimoja."

"Ukifungua, unyevu wote unatoka. Utando unamkaukia mwilini, anabanwa kama aliyevishwa nguo mbichi ikamkaukia." Shangazi hakuniambia mimi nimwambie. Alimwambia mwenyewe, na nadhani hakujua kama amefanya hivyo. "Amepumzika tu, Fundi. Anavuta damu yake iliyobaki kwenye ganda. Muache."

Anko akaweka mikono nyuma na kuishikanisha.

Kifaranga wa kwanza alitoka jioni, amelowa, mbaya wa sura, anaanguka kila akisimama. Mwalimu wa chekechea alisema ni mzuri kuliko watoto wote wa darasa lake, tukamwahidi hatutawaambia wazazi. Wengine watatu walifuata kabla ya asubuhi. Wa tano alitoboa upande usiokuwa wake, kwenye ncha, ambako hakuna kifuko cha hewa, na huyo pekee ndiye Shangazi aliyemsaidia: alimfungulia nafasi ya mdomo tu, kwa kibano cha nyusi, akamwachia kazi iliyobaki. Ilimchukua kutwa. Mayai mawili hayakutoboka kamwe.

Vifaranga watano. Tukawaweka kwenye boksi chini ya balbu, na watu wakaanza kuja kutazama. Na Bi Haraka, ambaye mdomo wake haujui breki, akauliza lile ambalo wote tulikuwa tunalikwepa.

"Mbona hawajajikunja? Hawa ni kuku wa kawaida."

"Wanazaliwa hivi," Shangazi akajibu. "Tunangoja manyoya ya mabawa. Na si kila yai la kidimu linatoa kidimu. Wengine hutoka laini, hata kama mama na baba wamejikunja."

"Kwa hiyo wanaweza kuwa laini wote?"

"Wanaweza."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, Shangazi alikuwa anawatoa mmoja mmoja, anafungua bawa kwa vidole viwili, anatazama. "Laini," anasema, anamrudisha. "Laini." Manyoya yalikuwa yanachipua kama ncha za brashi, yamelala yamenyooka vizuri kabisa, na kadiri yalivyokuwa yananyooka ndivyo na yeye alivyozidi kunyamaza. Siku ya nne ya ukaguzi alimaliza wote watano, akafuta mikono, akaenda kumpokea mteja. Alisuka bila kuongea. Mteja akaniuliza kwa macho, nikainua mabega.

Anko alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Akainama kwenye boksi, akamchukua yule aliyetobolea kwenye ncha, akampeleka dirishani. Hakumtazama kwa juu kama sisi. Alimshika usawa wa jicho, bawa limeelekezwa kwenye mwanga, akafumba jicho moja, vile anavyoangalia mlango wa gari kutafuta palipobonyea.

"Bibie," akaita. "Huyu bawa lake lina kasoro."

"Kasoro gani?" Shangazi aliacha rasta zinaning'inia.

"Nyoya la tatu halikulala. Linanyanyuka mwishoni. Tazama kwa ubavu, usitazame juu. Unaona? Na hili la pembeni linaanza."

Shangazi akainama, shavu lake karibu na mkono wa mumewe. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa sauti ambayo sijui niiiteje, ilianza kama kicheko ikaishia kwingine, akamchukua kifaranga kwa viganja viwili na kuanza kuzunguka naye katikati ya saluni.

"Limejikunja! Limejikunja! Fundi, watazame na wengine! Watazame hivyohivyo!"

Anko akawapeleka dirishani wote. Akapata mwingine, mweusi, nyoya moja tu, lakini limekata kona waziwazi. Wawili.

Simu ikapigwa papo hapo. Mwenzangu, kutoka ghorofa ya nne, hakuamini.

"Nitumie picha. Maneno sitaki, nataka picha."

Ikawa kazi. Kifaranga hakutaka kutulia. Mteja, msuko nusu, alishika tochi. Mimi nilishika kifaranga, Anko alifungua bawa kwa kidole gumba na cha shahada, Shangazi akapiga. Tukatuma, tukasubiri.

Jibu likaja: "Mwenzangu, hicho kidole cha shemeji kimetoka vizuri sana. Kuku yuko wapi?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Akafuta machozi, akaisafisha kamera ya simu kwa pindo la kanga, akampiga mumewe kofi la begani asogeze mkono, akapiga nyingine.